Kwa nini katiba imhusu asiye wakili

Ndugu, umeuliza kwa nini Mkenya asiyesomea sheria ajisumbue kuielewa na kuilinda katiba ilhali majaji na wabunge wapo. Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu kuiheshimu na kuitetea, wala hakimtengi mkulima na jaji. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, na kesi yake ikatupwa kwa hoja kwamba yeye binafsi hakuwa na haki ya kushtaki. Chini ya katiba ya 2010, Kifungu cha 258 kinampa kila mtu haki hiyo, hata kwa maslahi ya umma, na ndiyo njia iliyowawezesha wananchi kuupinga mpango wa kurekebisha katiba ulioitwa BBI (Building Bridges Initiative) hadi ukakwama katika Mahakama ya Juu mwaka 2022.

Hata hivyo, haki hiyo haimfai asiyeijua, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi. Jamaa yako akikamatwa Jumatatu asubuhi, na kufikia Jumatano bado yumo seli bila kufikishwa kortini, ni Kifungu cha 49 kinachokupa nguvu ya kumwuliza mkuu wa kituo kwa nini saa 24 zimepita.