Mumeo anaweza kuzuiwa hata bila cheti cha ndoa

Dada, umeuliza kama mahakama hapa Kenya yaweza kumzuia mumeo asikukaribie, ilhali mlioana kimila tu na cheti hamna. Yaweza. Sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inawalinda hata wachumba na waliokwisha kuachana.

Ripoti polisi, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha kuandikia ripoti, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari. Kisha mwombe hakimu amri ya ulinzi. Sisitiza ile ya muda, maana inaweza kutolewa kabla mumeo hajaitwa kortini. Polisi wakikwambia hayo ni mambo ya nyumbani, usikubali kurudishwa. Piga 1195, laini ya msaada kwa wanaodhulumiwa kijinsia, ni bure. Na usiku huu, nakusihi, lala kwa ndugu zako.