Nina picha 400 za nyumba. Nianze kununua nini?

SWALI: Habari mtaalamu. Mwezi ujao tunahamia nyumba yetu Luchelele, hapa Mwanza. Tangu msingi unachimbwa nimekuwa nikihifadhi picha kwenye mtandao wa Pinterest: makochi, kitanda, makabati ya jikoni, vifaa vidogo vya umeme. Sasa zimepita 400 na zinanichanganya. Awamu ya kwanza tuna shilingi milioni 4. Sebule ni mita 4 kwa mita 4.6, madirisha makubwa yanatazama ziwa. Nimepata fundi mtandaoni, nikamtumia picha za makochi mawili meupe yanayotazamana na kitanda, akasema vyote anaviweza, nimtumie asilimia 70 aanze kazi. Je, nizigeuzeje picha hizi kuwa orodha ya manunuzi, na nianze na kipi? Mama wa Luchelele.

JIBU: Mama, kwanza hiyo asilimia 70 isitoke. Mengine tutazungumza hela ikiwa bado iko kwako.

Sina ugomvi na picha. Mteja anayekuja na picha ananirahisishia kazi kuliko anayekuja na maneno "kitu cha kisasa". Kinachonichosha ni imani kwamba picha ni maelezo ya kazi, kwamba ukishamwonyesha fundi na akatikisa kichwa, basi mmeelewana. Hamjaelewana. Wewe umeona utulivu wa chumba, yeye ameona makochi mawili na hela. Vipimo hakuna aliyeviona, kwa sababu kwenye picha havimo.

Chukua hayo makochi yako mawili yanayotazamana. Kochi la kawaida la kukalia vizuri lina kina cha karibu sentimita 95, kutoka mgongoni hadi ukingo wa mbele. Weka mawili: 190. Katikati meza ya sentimita 60, na kila upande nafasi ya miguu ya sentimita 45. Jumla ni sentimita 340. Upande mfupi wa sebule yako ni 400. Zimebaki 60, na hapo ndipo watapita wageni, watoto, na mtu aliyebeba sinia la chai. Mpigapicha wa chumba ulichokipenda alitumia lenzi pana inayokifanya chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo, na huenda chenyewe kilikuwa mara mbili ya chako. Makochi hayo si mabaya, ila hayaingii kwako. Kochi moja na viti viwili vyepesi vinavyohamishika vingekupa nafasi ileile ya kukaa na njia ikabaki.

Kitanda ndicho kinachoniumiza zaidi, maana kosa lake halionekani hadi siku ya kutandika. Picha nyingi za Pinterest zinatoka Marekani, na kitanda chao wanachokiita "queen" ni inchi 60 kwa 80. Godoro letu la tano kwa sita ni futi 5 kwa 6, yaani inchi 60 kwa 72. Upana ni uleule, kwa hiyo fundi akinakili vipimo vya picha, mambo yanaonekana sawa. Urefu unapungua inchi 8, sentimita 20 nzima. Godoro linaishia njiani, na pengo linabaki miguuni ambalo utalijaza na mito hadi lini? Sita kwa sita nayo si "king" yao, ambayo ni inchi 76 kwa 80. Kwa hiyo nunua godoro kwanza, lipime likiwa limelala chini, ndipo fundi apewe kipimo cha godoro hilo.

Halafu mlango. Unaoitwa wa futi tatu hauna futi tatu za kupitia. Fremu inakula kila upande, na mlango wenyewe ukifunguka unakula tena. Pima uwazi unaobaki, pima na kona ya korido. Wakazi wa Isamilo, Bugando na Mabatini hili hawahitaji kufundishwa: gari linaishia chini, kochi linapanda ngazi na majabali juu ya mabega ya vijana wanne, likifika juu linagoma mlangoni. Mwambie fundi atengeneze kochi linalofunguka vipande viwili. Fundi wa kweli hatashangaa kuombwa hivyo.

Tuje kwenye weupe. Umesema madirisha yanatazama ziwa. Kwa Luchelele maana yake ni magharibi, kwenye Ghuba ya Mwanza, na jua la kuanzia saa tisa alasiri litaingia sebuleni lilale juu ya hicho kitambaa kila siku ambayo hakuna mawingu. Rangi nzito itapauka, nyeupe itageuka manjano. Kisha wadudu wa ziwa. Unawajua wanavyotua kama moshi; usiku taa ikiwaka na dirisha likiwa wazi wanajaa ndani, na ukimfuta mmoja juu ya kitambaa cheupe anaacha alama. Picha ile ilipigwa mahali ambapo hawapo. Kama unaipenda rangi nyepesi, chagua ya mchanga au kijivu, na kitambaa kiwe na zipu kiweze kuvuliwa na kufuliwa. Nyavu za madirishani ziingie kwenye bajeti kabla ya makochi, si baada yake.

Makabati ya jikoni sitayaongelea sana: MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi, chini ya sinki inakunywa maji na kuvimba, hata iwe imebandikwa nini juu. Sehemu hiyo weka plaiwudi inayostahimili maji au jenga kwa tofali na marumaru. Vifaa vya umeme ulivyovihifadhi, angalia picha inakupeleka duka la nchi gani. Vya Marekani hutengenezwa kwa volti 120, zetu ni 230. Blenda isiyoandikwa kwamba inapokea zote mbili utaiwasha mara moja tu.

Kuna jambo jipya linalotuongezea kazi. Zamani picha ya Pinterest, hata iwe imepodolewa vipi, ilikuwa ya chumba kilichokuwepo. Sasa nyingi zimetengenezwa na akili mnemba. Wenyewe Pinterest walianza kuzibandikia alama mwaka 2025, lakini si zote zinanaswa. Nimeletewa kochi lenye miguu mitatu inayoonekana na ya nne isiyoweza kuwepo popote, na ngazi inayoishia kwenye ukuta. Mteja anakasirika ukimwambia hakitengenezeki, anadhani huna ufundi. Kuza picha, fuata mguu wa meza hadi sakafuni, fuata mstari wa pazia hadi juu. Kisichofika popote, futa.

Ubao wako wa Pinterest, yaani huo mkusanyiko wa picha ulizohifadhi, basi ufanye hivi. Ugawe kwa vyumba. Pinterest inaruhusu sehemu ndani ya ubao mmoja. Kwa kila picha andika maneno machache ya kwako mwenyewe: umependa rangi, umbo, au mpangilio? Usipoweza kuandika chochote, picha hiyo uliipenda ulivyopenda machweo, haina kazi kwenye manunuzi. Nakuhakikishia 400 zitashuka hadi thelathini hivi, na utagundua kuwa nyingi zilikuwa kochi lilelile katika vyumba tofauti. Kisha ingia sebuleni na tepu ya kupimia na chaki, uchore sakafuni kila kitu kwa ukubwa wake halisi, na mtembee humo siku mbili tatu, baba na watoto pia. Chaki ni ya bei rahisi. Hakuna picha itakayokuonyesha kuwa mlango wa chumbani unagonga meza.

Uanze na kipi? Godoro na kitanda, nyavu, mapazia mazito ya upande wa ziwa, jiko la gesi na meza ya kufanyia kazi jikoni. Kochi liwe la mwisho. Kaeni kwenye mkeka na viti vya plastiki mwezi mmoja, mjue jua linaingia wapi na watu wanapenda kukaa upande gani. Najua ndugu watakuja kuiona nyumba na utaona aibu. Waje.

Sasa fundi wako. Anayeangalia picha na kusema "naiweza hiyo" bila kuuliza mlango una upana gani, mbao ipi, sponji ipi, huyo hajaanza kazi, ameanza kukusanya. Mji huu umejaa watu wa namna hiyo sasa, na wengine hawana hata randa. Wanachukua picha Pinterest, wanaandika juu yake "tunatengeneza Mwanza, tunapeleka hadi Bukoba na Musoma", wanaweka namba ya kutumia hela, basi wamekuwa karakana. Akilipwa, anatafuta fundi wa bei ya chini kabisa wa kumfanyia, akimpata. Na kuna kundi lingine, hawa wanajiita wabunifu: wanakuuzia ubao wa picha uliopangwa vizuri bila kukanyaga nyumba yako. Umelipia kile ulichokwisha kufanya mwenyewe bure.

Akikutumia picha akisema ni kazi yake, iingize kwenye Google Lens, inayotafuta picha zinazofanana nayo mtandaoni. Ikitokea kwenye duka la Uturuki au China, muulize aliitengeneza lini. Akisema karakana yake iko Nyakato, nenda Nyakato. Mafundi wazuri wapo kule, wengine wamepita VETA, wengine wamejifunza kwa baba zao, na hakuna hata mmoja wao atakayekasirika ukifika bila taarifa. Dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba hununui kwa picha. Unachota, unanusa, unatafuna mmoja. Kochi nalo liguse. Kalia lililo dukani kwake, kandamiza kiti kwa goti usikie kama linafika mbaoni, muulize sponji ni ya kilo ngapi kwa mita ya ujazo. Ya kukalia iwe 30 kwenda juu. Geuza kochi lililofika katikati ya kazi uone mbao kabla hazijafunikwa, maana kitambaa kizuri kinaficha msonobari mbichi ambao ukikauka utapinda na misumari italegea.

Mkikubaliana, andikeni: vipimo vyote kwa sentimita, aina ya mbao, sponji, kitambaa na namba yake ya rangi, siku ya kukabidhi, na kinachotokea siku hiyo ikipita. Advansi iwe ya kununulia vifaa tu, na kitambaa unaweza kununua mwenyewe ukampelekea. Sehemu ya pili ukishaona fremu kwa macho. Iliyobaki kochi likishapita mlangoni na risiti iko mkononi. Huyo wa asilimia 70 msomee masharti haya kwa simu, polepole, halafu subiri uone kama atakupigia tena.