Jibu: Programu ya msamiati inayoomba ruhusa nyingi

Mwalimu, umeuliza kama ni salama kuwaelekeza wanafunzi wako wapakue programu ya bure ya mazoezi ya msamiati, ilhali inaomba ruhusa ya kufikia maikrofoni, mahali walipo na orodha ya majina kwenye simu. Kwa maoni yangu, usiipitishe kabla ya kuichunguza. Maikrofoni inaweza kuhitajika kwa mazoezi ya matamshi, lakini sioni namba ya simu ya shangazi inahusiana vipi na msamiati. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye ruhusa za programu, zima ya mahali walipo na ya orodha ya majina, kisha uijaribu. Ikigoma kufanya kazi, tafuta nyingine.

Wasiwasi wako una msingi. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa matokeo ya uchunguzi wa bidhaa 164 za elimu ya mtandaoni zilizoidhinishwa na serikali 49 wakati wa janga la UVIKO-19, na likaeleza kwamba asilimia 89 zilionekana kushughulikia taarifa kwa namna inayohatarisha au kukiuka haki za watoto, ikiwemo kuzipeleka kwa kampuni za matangazo.

Kuhusu akaunti, wasajili kwa majina ya kubuni ambayo wewe peke yako unajua ni ya nani, kila mmoja awe na nywila yake, na wanaotumia simu ya mzazi watoke kwenye akaunti wamalizapo. Sera ya faragha isome wewe mwenyewe, hasa sehemu inayoeleza namna ya kufuta taarifa mwaka wa masomo unapokwisha.