Kete 31 na Vyumba 62

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Mji Mkongwe hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Swali lako nililisoma usiku, na alasiri nikalichukua barazani, Jaws Corner. Umeuliza: ubao wa drafti una vyumba 64, ukikata viwili vya pembe zinazotazamana kimshazari, vinabaki 62. Kete ya dhumna inafunika vyumba viwili vilivyopakana. Je, kete 31 zitaufunika ubao? Umejaribu siku mbili, na hujui kama tatizo ni wewe au ni ubao.

Ni ubao.

Lakini usikubali kwa sababu tu umeshindwa. Kushindwa mara mia hakuthibitishi kitu, huenda ya mia na moja ikakubali. Tazama rangi. Vyumba vilivyopakana ubavu kwa ubavu havifanani rangi kamwe, kwa hiyo kila kete, ilale au isimame, inakula cheusi kimoja na cheupe kimoja. Kete 31 zinataka vyeusi 31 na vyeupe 31. Sasa pitisha kidole kimshazari, pembe hadi pembe: rangi ni ile ile. Basi ulivyokata vyote ni vya rangi moja. Tuseme vyeupe: vimebaki 30, na vyeusi 32. Hapo hata upange mwaka mzima, haziingii.

Mwanafalsafa Max Black alilitoa fumbo hili mwaka 1946. Mzee mmoja barazani akaweka kikombe cha kahawa chini, akauliza: “Na tukikata cheusi kimoja na cheupe kimoja, popote?” Swali zuri mno! Ralph Gomory, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kuwa hapo inawezekana daima. Chora njia inayopita kila chumba mara moja na kurudi ilipoanzia: panda safu ya ukingoni hadi juu, kisha shuka mstari kwa mstari, ukienda na kurudi katika safu saba zilizobaki. Rangi zinapokezana njia nzima. Ukitoa cheusi na cheupe, njia inakatika vipande viwili (au kimoja, vikiwa vimefuatana njiani), na kila kipande kinaanza kwa rangi moja na kuishia kwa nyingine. Kete zitafuatana humo kama siafu, bila kubakisha chumba.

Jaribu kwa mkono wako. Seti moja ina kete 28 tu, kwa hiyo azima tatu kwa jirani.

Baba yako