"Compel" si kila kulazimisha

Kazi yangu ni kusahihisha tafsiri za Kiingereza na Kiswahili, na kitenzi kinachonirudisha kwenye kalamu nyekundu mara kwa mara ni "compel". Mtu akishaambiwa kwamba maana yake ni kulazimisha, anakipachika popote. Ndipo unapoletewa insha yenye "My mother compelled me to wash the dishes". Mwingereza akiisoma anamwona mama aliyekwenda kuchukua hati mahakamani ili mwanawe aoshe vyombo! Andika tu "My mother made me wash the dishes".

Zingatia pia kwamba baada ya "make" hakuna "to", ilhali "compel" na "force" zinaidai. Lakini sentensi ikiwa ya kutendwa, "to" inarudi hata kwa "make": "I was made to wash". Usitafute sababu, kariri.

Asili yake ni Kilatini "compellere": "pellere" ni kusukuma au kuswaga, na "com" ni pamoja. Ni kitenzi cha mchungaji anayekusanya kundi. Ukoo wake mkubwa: "expel", "repel", "propel", hata "pulse", yale mapigo ya mshipa. Ndiyo maana nomino yake ni "compulsion" na kivumishi "compulsory", ingawa kitenzi chenyewe hakina hata "s".

Ninapofundisha huing'ang'ania hiyo picha ya kuswaga, kwa kuwa anayeswagwa hutembea kwa miguu yake mwenyewe. Kuhusu mlango uliokwama, unaweza kusema "I forced it", lakini "I compelled it" haisemwi, maana mlango hauna hiari ya kuvunjwa. "Compel" humtaka mtu ambaye angeweza kukataa lakini hana pa kupenyea. Kuna matumizi machache yanayotoka nje ya mstari huu, kama "compel respect", nayo ni ya vitabuni zaidi.

"Coerce" ni jirani yake mwenye sifa mbaya. Kimetoka kwenye "coercere", kufungia ndani au kuzuia, na leo kinanuka vitisho. Tofauti hii ina uzito hasa kwenye nyaraka za sheria. Mahakama inaweza kumlazimisha shahidi atoe ushahidi, ikawa halali kabisa: hiyo ni "compel". Shahidi huyohuyo akitishiwa nyumbani kwake usiku, hapo ni "coerce". Katiba ya Kenya ya 2010 inatumia "compelled" katika ibara ya 36, kwamba mtu asilazimishwe kujiunga na chama, na katika ibara ya 49, kwamba aliyekamatwa asilazimishwe kukiri. Mimi kwenye hati kama hizo hupenda "kushurutisha", neno ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua kwa Simoni Mkirene aliyeshurutishwa kuubeba msalaba. "Kushinikiza" nawaachia wanasiasa na vyama vya wafanyakazi. Mwenye kushinikizwa bado anaweza kugoma.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "compelling". Nimeshakutana na "hadithi ya kulazimisha" na "ushahidi unaolazimisha", na vyote viwili havimwambii Mswahili kitu. "Compelling evidence" ni ushahidi mzito, usiopingika kirahisi. "A compelling story" ni hadithi inayokushika usiweze kuiweka chini. Na mtu akisema "I feel compelled to speak", hakuna aliyemshikia panga. Ni dhamiri yake inamsukuma. Tafsiri "siwezi kunyamaza" au "sina budi kusema". Ukiandika "najisikia kulazimishwa kusema", msomaji ataanza kumtafuta huyo mlazimishaji.

Tahajia nayo: "compel" na "compels" zina "l" moja, "compelled" na "compelling" zina mbili, kwa Waingereza na kwa Wamarekani pia.