Muulize Bibi Shamba: Matango Yanachanua, Mbona Hayazai?

SWALI: Bibi Shamba, shikamoo. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba yenye nafasi ndogo nyuma, kama mita tatu kwa mbili, kati ya jiko na ukuta wa jirani. Nimepanda miche minne ya matango na kuipandisha kwa kamba nilizofunga ukutani. Majani ni mapana, maua yamejaa, lakini yanadondoka bila kuacha kitu. Jirani ananishauri nipulize dawa ya wadudu. Ningependa pia kupanda giligilani, mrehani na mnanaa, ila sioni pa kuviweka.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dawa hiyo usiinunue kwanza, kwa sababu huenda mdudu unayetaka kumwua ndiye unayemhitaji. Mtango hutoa maua ya aina mbili katika mche mmoja: maua dume, ambayo hutangulia na kudondoka yakishachanua, na maua jike, ambayo hufuata baadaye. Asubuhi geuza ua moja moja utazame nyuma yake. Ua dume hukaa juu ya kikonyo chembamba kitupu, ilhali ua jike huwa na kitango kidogo nyuma yake, ambacho huonekana hata kabla ua halijafunguka. Ukikuta maua dume matupu, subira tu ndiyo inayotakiwa. Lakini ukiona vitango vinageuka manjano na kunyauka vikiwa bado vidogo kama kidole, basi mara nyingi tatizo ni uchavushaji, yaani unga wa ua dume haukufika kwenye ua jike.

Ua jike la tango hukaa wazi kwa siku moja tu, na siku hiyo ikipita bila nyuki kufika, nafasi imepotea. Katika ua kama wako (nisemapo ua hapa nina maana ya uwanja, si lile la kunusa), uliozungukwa na kuta pande zote, nyuki hafiki kwa urahisi, na jirani akipulizia dawa upande wake asubuhi, hafiki kabisa. Kazi hiyo unaweza kuifanya wewe mwenyewe: kabla ya saa nne asubuhi chuma ua dume lililofunguka siku hiyo hiyo, bandua petali zake, kisha gusisha unga wake wa manjano katikati ya ua jike. Baada ya siku tatu au nne utaona kitango kimeanza kunenepa. Likiwa ni mumunye, lile la jamii ya kibuyu lenye maua meupe, kazi hii ifanye jioni, kwa kuwa maua yake hufunguka jua likizama na wachavushaji wake ni nondo wa usiku. Nimewaona watu wakilisubiri asubuhi, wakakuta ua limekwisha kusinyaa, wakailaumu mbegu.

Maelezo yako kwamba majani ni mapana sana yananifanya nikuulize pia kuhusu mbolea. Samadi ya kuku ikizidi, au urea ikitiwa kila wiki, mtango hunenepa majani na kuchelewa kuzaa. Acha mbolea hiyo kwa sasa, mwagilia shinani asubuhi, na usilowanishe majani jioni, maana majani yanayolala na maji hukaribisha ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri vinyoya. Vitango vikishaanza kukua, vifunike kwa mifuko ya karatasi ili nzi wa matunda wasitage humo. Hao ndio wanaoharibu matunda ya jamii hii kuliko wadudu wengi.

Kuhusu kamba, sipendi uliyoyafanya. Ukuta wa saruji hunyonya jua la mchana na kuendelea kutoa joto hata baada ya magharibi. Simamisha miti miwili ya urefu wa mita mbili, umbali wa nusu mita kutoka ukutani, ufunge fito juu na kuteremsha kamba za katani, kwa sababu ukwaruzi wa katani hushikika vizuri kuliko nailoni. Ukiweza, panga safu ielekee kaskazini na kusini, ili upande mmoja upate jua la asubuhi na mwingine la mchana. Hapo ndipo viungo vyako vitakapopata makao: giligilani ikae upande wa mashariki, ambako matango yataikinga na jua kali la alasiri, nayo uipande wakati wa kipupwe, kwani katika joto la Januari hukimbilia kutoa maua kabla hujaichuma mara mbili. Mrehani hupenda jua, kwa hiyo ukae upande wa magharibi. Mnanaa uweke kwenye ndoo, hata kama nafasi ipo, kwa sababu ukiuachia ardhi utaitwaa yote.

SWALI: Nipo Mombasa, ghorofa ya pili, nina baraza tu. Kuna mboga ya kutambaa itakayokubali ndoo?

JIBU: Panda nderema, mboga ya majani inayotambaa. Unachukua kipande cha shina chenye vifundo vitatu, ukakifukia nusu katika ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, na kikashika bila taabu. Joto la pwani hakiliogopi, na kivuli cha nusu siku hukivumilia. Kata ncha kila mara ili kitoe matawi. Wasioizoea hulalamikia utelezi wake, lakini ukiichanganya na mchicha hupungua.

SWALI: Mama yangu ni Mpare, naye anataka nipande mkweme nyumbani kwangu Kibaha kwa ajili ya mbegu zake. Kiwanja ni kidogo. Inawezekana?

JIBU: Namheshimu mama, na najua kweme, yaani mbegu za mkweme, zinavyothaminiwa kwa mzazi anayenyonyesha, lakini mmea huu hutambaa hadi mita 30 na matunda yake huweza kuzidi kilo kumi kila moja. Fito zako hazitauhimili, na hata mwembe mchanga utaelemewa. Tena mkweme dume na mkweme jike ni miche tofauti, wala huwezi kuitambua mpaka ichanue, kwa hiyo ukipanda mmoja unaweza kuulea muda mrefu kumbe ni dume. Mnunulie mama mbegu sokoni, na hapo kiwanjani umpandie dodoki.