Mkono wa fistula wa mama

Pole na kuuguza dada. Unasema mama katengenezewa fistula mkono wa kushoto, nesi kamwambia tu "utunze huo mkono" basi. Mi nna mwaka wa 3 kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine figo zikishindwa, na kwanza watoe hofu majirani, hii sio ile fistula ya uzazi, ni mshipa tu umeungwa na mwingine ili sindano zipate damu ya kutosha.

Kikubwa mfundishe kuushika kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, aweke vidole juu ya kovu asikilize, kunatetemeka kama simu iliyo vaibresheni, mi hata usiku nikishtuka nagusa. Siku mtetemo ukipotea msingoje zamu yake ya kusafishwa, nendeni hospitali muda huo huo maana damu inaweza kuwa imeganda. Ukivimba mwekundu au kutoa usaha, vile vile.

Presha na kutoa damu ni mkono wa kulia tu, aseme mwenyewe, mi kuna nesi mgeni alishafunga mpira nikamwambia weee toa. Bangili zivuliwe, asiulalie, ndoo abebe mwingine. Na kabla ya sindano auoshe kwa sabuni.